Kamera Mbili na Kapu la Simu

Ijumaa, 3 Januari 2025

Kamera yangu imekufa leo, tena imekufa hadharani. Nilikuwa uani kwa Siwema, anamwoza mdogo wake. Bi harusi ameshakalishwa, kina mama wameshajipanga, mimi nimepiga goti moja chini. Nikabonyeza. Lenzi ikatoka nusu, ikakwaruza, ikabaki hapo hapo imetoa ulimi. Nikaizima, nikaiwasha, nikaigonga kiganjani. Wapi! Miaka kumi na minne tangu marehemu mume wangu Majidi aninunulie, na siku ya kuniaga imechagua mbele ya wanawake arobaini.

Atakayesoma daftari hili siku moja, labda binti yangu, atauliza kwa nini nisipige kwa simu kama dunia nzima. Nitamjibu mapema. Huku kwetu Mtendeni shughuli ya wanawake ina kapu. Kapu la ukindu linakaa mlangoni, na kila anayeingia anatumbukiza simu yake humo, awe mke wa shehe au binti wa chuo. Ndani watu wanavua mabuibui, wanafunua nywele, wanacheza watakavyo. Miaka ya nyuma picha ya mke wa mtu ilionekana kwenye makundi ya wasapu kabla hata pilau haijapakuliwa, na ndoa yake nusura ivunjike. Tangu hapo ni kapu, hakuna mjadala.

Anayeruhusiwa kuingia na chombo cha picha ni mmoja tu, mimi Asmahani, kwa sababu kamera yangu haina laini, haina intaneti, haijui kumpigia mtu. Picha nazisafisha mwenyewe nyumbani, nampa mwenye shughuli mkononi, kisha nafuta kadi mbele ya macho yake. Hiyo ndiyo kazi yangu na ndilo jina langu. Nikikosa kuaminiwa, kamera ni dude tu.

Siwema alinishika bega. "Usijali, Mama Picha, tutakumbuka kwa macho." Maskini, alitaka kunifariji. Nimelia njia nzima.

Jumatatu, 6 Januari

Nimekwenda dukani kwa Humaidi, karibu na soko kuu. Ndugu yake yuko Muscat na humtumia mitumba ya vitu vya umeme: pasi, redio, taa, saa za ukutani. Humaidi ni mgane, mtu wa miaka hamsini na minne, ana haya na ana maelezo. Ukimwuliza saa ngapi anakueleza saa ilivyotengenezwa.

Alitandika kitambaa mezani akaweka kamera mbili, zote ndogo za kuenea kiganjani, zote zilizotumika. Ya kwanza ya rangi ya fedha, ya zamani, nzito kidogo, inakula betri za kawaida kama za rimoti. Ya pili nyeusi, nyembamba, mpya zaidi, ina chaja yake, inaona gizani. Bei zinakaribiana, kwa hiyo bei haikunisaidia.

"Chukua zote mbili," akasema. "Zijaribu kwenye shughuli zako. Shaaban ikiisha uniambie umebaki na ipi."

"Na nikiziharibu?"

"Utakuwa umeziharibu." Akageuka kupanga balbu ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Nikasema asante mara tatu.

Jumanne, 7 Januari

Mvua kutwa. Bati linapiga kelele hata redio haisikiki.

Alhamisi, 9 Januari

Nimezijaribu kwa Dafrosa. Dafrosa ni jirani yangu na shoga yangu wa miaka ishirini, Mkatoliki, na ndiye mlinzi wa kapu kwenye shughuli zetu zote. Wenyewe tulimchagua, kwa sababu humo ndani hana shangazi wala wifi wa kumwonea haya. Mke wa mkubwa gani sijui aliwahi kugoma kutoa simu, Dafrosa akamwambia, "Basi kaa huku nje na mimi, tule ubuyu."

Nilimsimamisha jikoni, penye mwanga hafifu. Ya fedha nilipoibonyeza ilifikiri, ikafikiri, ndipo ikapiga. Dafrosa akawa ameshafumba macho. Uso ukatoka na chengachenga kama umenyunyiziwa pumba. Nikapiga kwa ile nyeusi: papo hapo, mpaka moshi wa jiko unauona, mpaka kovu la kidevuni.

"Hiyo nyeusi ina adabu mbaya," Dafrosa akasema. "Kovu lile nililisahau."

Tukatoka nje. Juani ya fedha ikawa bingwa. Rangi ya ngozi inaitoa kama ilivyo, nyekundu ya kanga inabaki nyekundu. Ile nyeusi inatupaka weupe tusioomba.

"Hawa ni wake wenza," Dafrosa akaamua. "Huyu wa fedha ni Bi Mkubwa, mzito, hana haraka, mambo yake ya uhakika. Huyu mweusi Bi Mdogo, mwepesi, anajua kujipamba. Na wewe ndiye mume, shoga yangu, utajuta."

Majina yameshika.

Jumamosi, 11 Januari

Goweko, arusi ya binti wa mkulima wa tumbaku. Gari ilikwama matopeni mara mbili. Nilikwenda na wote wawili, lakini Bi Mdogo chaji ilikwisha kabla bi harusi hajatoka, na umeme ulikuwa umekatika tangu juzi. Bi Mkubwa nilimnunulia betri nne kwenye duka la chumvi na sabuni, akapiga kazi mpaka mwisho. Ndani ya nyumba picha zimetoka giza. Uani, safi kabisa.

Moja kwa Bi Mkubwa.

Jumapili, 12 Januari

Nimelala. Miguu.

Ijumaa, 17 Januari

Humaidi alipita dukani kwa fundi viatu, akanikuta, akanikumbusha nikapate somo la Bi Mdogo. Nilikwenda na Dafrosa. Somo lilichukua saa nzima na vikombe viwili vya kahawa.

Kumbe Bi Mdogo ana jambo. Anaungana na simu hewani, bila waya. Ukibonyeza, nakala ya picha inaruka yenyewe mpaka kwenye simu iliyo karibu, ikiwa wameshafahamishwa. Humaidi alikuwa ameshamfahamisha na simu yake ili ajifunze kwanza, apate kunifundisha. Alinionyesha picha alizojaribia: mizani, paka, mizani tena.

"Bwana Humaidi, hiyo habari izime," nikamwambia. "Mimi naingia na hii mahali ambapo simu zinakaa kapuni."

Alishtuka, akaomba radhi, akashika simu yake akabonyeza. "Nimefunga."

Njiani Dafrosa akaniambia, "Yule mtu akikutazama anasahau kueleza." Nikamwambia aangalie dimbwi lililo mbele yake.

Jumamosi, 18 Januari

Nzega. Nimefikia kwa kaka yangu Mabruki, mwuza mbegu, ambaye tangu baba afariki ndiye mkubwa wangu. Barabara ni lami tupu, safari ya raha. Shughuli ilikuwa ukumbini, taa moja imeungua, na Bi Mdogo hakuhangaika. Nimepiga wanawake wakicheza na hakuna aliyetoka kama kivuli. Mwenye shughuli amenishika mikono yote miwili.

Nakaribia kuamua. Bi Mkubwa nimemwacha kwenye mkoba, na nilimwonea huruma, kama kwamba anasikia.

Jumatano, 22 Januari

Bi Masika amekuja mwenyewe, na mwavuli wake wa mpini wa mti. Jumamosi ni hina ya mjukuu wake Ummy, mchana baada ya Adhuhuri. Bi Masika ana miaka themanini na kitu, na hapa Mtendeni hakuna bi harusi anayetoka bila yeye kumtazama kwanza.

"Wapige wote," akasema. "Mimi usinipige."

Najua, bibi. Kila mtu anajua. Akiwa msichana alipigwa picha studio, mwenye studio akaitundika dirishani bila kuuliza, na baba yake akaikuta akitoka sokoni. Tangu siku ile Bi Masika hupigwa ya kitambulisho tu, na hata hiyo hununa.

Jumamosi, 25 Januari

Sijawahi kupiga hina kama ya leo. Mvua ilishuka mchana kweupe, chumba kikawa giza, wakasema basi tena, picha hakuna. Nikamtoa Bi Mdogo. Nilianza kwa kujaribia mwanga kwenye kioo cha kabati, halafu sinia la hina, halafu mikono ya Ummy, halafu wanawake wote walivyo, vichwa wazi, jasho, vicheko. Picha sitini na nane. Wanaume walikaa barazani upande wa pili wa ukuta wakinywa kahawa, nasi tukawaimbia nyimbo za kuwasuta wasikie.

Nimeamua. Ni Bi Mdogo.

Jumapili, 26 Januari

Kitumbua kimeingia mchanga.

Humaidi alikuja saa mbili asubuhi. Hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti na mvua inamnyeshea begani, na mkononi alishika kitu kimefungwa kwenye leso. Dafrosa alikuwa hapa, tunakunywa uji. Nikamkaribisha, akakataa.

"Bi Asmahani, jana nilikuwa barazani kwa kina Ummy. Baba yake ni rafiki yangu. Nilikaa nimeegemea ukuta wa kile chumba mlichokuwemo. Simu ikatetemeka. Nikaitoa nikidhani ni ndugu yangu wa Muscat."

"Ikawa nani?"

"Ikawa picha."

Dafrosa akaweka kikombe chini.

"Ngapi?" nikauliza.

"Nimeona moja. Nikaizima simu pale pale, sijaiwasha mpaka sasa. Sijui ndani yake zimo ngapi." Akahamishia ile leso mkono wa pili. "Ile siku ya somo nilidhani nimefunga. Kumbe nilichofunga ni kile kidirisha cha kwenye kioo cha simu tu. Kule ndani waliendelea kujuana. Kosa ni langu, si lako."

"Umeona ipi?"

Akatazama viatu vyake. "Usiniulize hilo, Bi Asmahani."

Akanipa ile leso na simu ndani yake. Akanitajia namba ya siri, mwaka aliozaliwa mama yake. "Fanya unaloona ni sawa," akasema, akaondoka bila mwavuli. Mtu wa kueleza kila kitu, safari hii hakueleza chochote.

Nilikaa. Nikaanza kuhesabu kichwani walioko kwenye zile picha. Wakwe zake Bi Masika. Mke wa imamu na nywele zake mpaka kiunoni. Ummy mwenyewe amevaa kanga kifuani. Wote walitumbukiza simu kapuni, wakaona wamekwisha kujilinda. Kapu tuliliweka kwa simu za ndani. Ya barazani hakuna aliyeifikiria, nami niliyeambiwa habari yake kwa kahawa vikombe viwili sikuifikiria pia!

"Futa," Dafrosa akasema polepole. "Namba unayo. Aliyeona ni mmoja na ni mtu wa haya. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Unajua wewe. Anajua yeye. Siri ya watu watatu hiyo."

"Mimi mdomo wangu ni kaburi."

"Si mdomo wako, shoga. Miaka kumi na minne nafuta mbele ya mwenyewe. Leo nifute kwa kujificha?"

Aliinuka akanitia uji mwingine, ukapoa mbele yangu. Ninaogopa, nitaandika hivyo hivyo. Ninaogopa kuwa mwanamke ambaye watu wakimwona wanajifunika.

Jumatatu, 27 Januari

Nilifika mpaka mlangoni kwa Bi Masika nikarudi.

Jumanne, 28 Januari

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimekwenda.

Alikuwa anachambua mchele ukumbini, peke yake. "Shikamoo, Bi Masika." "Marahaba, mwanangu, kaa." Nikakaa chini mkekani, nikaiweka ile leso mbele yake, nikasema yote kwa mkupuo kabla ulimi haujaniganda. Kamera, ukuta, simu, picha moja aliyoiona Humaidi, na nyingine humo simuni zisizojulikana ni ngapi.

Hakuacha kuchambua mchele. Alitoa kokoto, akaiweka kando, akatoa nyingine.

"Namba ya kuifungulia unayo?"

"Ninayo, bibi."

"Na hukuifungua."

"Sikuifungua."

"Ungeweza."

"Ningeweza."

Akatoa kokoto ya tatu. Kisha akasema, "Shughuli ilikuwa ya Ummy. Ummy yuko fungate, akitoka anakwenda Urambo kwa wakwe zake. Akirudi, tuliokuwemo tutakaa pamoja, iwashwe mbele yetu. Mpaka siku hiyo simu ikae kapuni, kwa Dafrosa. Asiiguse mtu."

"Na mimi, bibi?"

"Na wewe utangoja kama sisi."

Hakunikaripia, na hilo ndilo limeniuma zaidi.

Alhamisi, 30 Januari

Habari imeshatembea, imekwenda na kurudi. Mwenye arusi ya tarehe nane ametuma ujumbe: safari hii wameamua wasipige picha. Mwenye ya tarehe tisa naye hivyo hivyo, kwa maneno yale yale. Bila shaka walikaa wakayaandika pamoja.

Siwema tulikutana sokoni. Alivuta mtandio wake mbele, kidogo tu, bila kukusudia. Nadhani bila kukusudia.

Jumapili, 2 Februari

Mvua. Bi Mkubwa na Bi Mdogo wako kabatini, nimewafunika.

Alhamisi, 6 Februari

Nilikuwa na hasira na Humaidi. Nimekuwa nayo siku kumi na moja na ilikuwa ikinisaidia. Leo Dafrosa ameniharibia.

Amepita dukani kwake. Humaidi hajanunua simu nyingine. Wateja wanamtafuta hawampati, ndugu yake wa Muscat amedhani amekufa, akampigia mwenye duka la dawa jirani amtazame kama yu hai. Dafrosa akamwuliza kwa nini hanunui hata kitochi cha kupigia tu. Akasema, "Heshima ya wenzangu iko kapuni kwa sababu yangu. Nitapigaje simu?" Amebandika kibao mlangoni, kwa herufi kubwa: SIMU HAIPO. NJOO MWENYEWE.

Nimecheka mpaka nimeshika ukuta. Halafu nikamwombea dua, nikajishangaa.

Jumamosi, 8 Februari

Leo ndiyo ile arusi. Ni mtaa wa pili tu. Nimesikia vigelegele kutwa, najua kila kimoja kina maana gani: hiki bi harusi ametoka, hiki ametunzwa, hiki mama yake amelia. Mikono ilikuwa inatafuta kitu cha kushika. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Kaka Mabruki amepiga kutoka Nzega kunijulia hali. Habari imefika mpaka huko. "Umefanya la haki, dada," akasema, "basi subiri malipo yake." Yeye anasema tu, amekaa na mifuko yake ya mbegu.

Jumatano, 12 Februari

Ummy amerudi kutoka Urambo. Kikao ni Jumamosi.

Jumamosi, 15 Februari

Tulikuwa thelathini na mmoja, ukumbini kwa Bi Masika, milango imefungwa. Dafrosa aliingia na kapu kichwani kama aliyebeba mayai. Ndani yake simu moja tu, bado imefungwa kwenye leso ya Humaidi. Bi Masika akamwambia Ummy aiwashe. Nikataja namba. Sauti yangu haikusikika, nikataja tena.

Simu ilichukua muda kuamka. Wakati ule nilimtazama kila mmoja usoni, nikasema moyoni, hawa ndio watu wangu, na leo ninaweza kuwapoteza wote kwa mpigo.

Ummy akafungua penye picha. Akakunja uso. Akavuta juu, akavuta chini.

"Ziko mbili," akasema.

"Mbili nini?"

"Picha za siku ile. Mbili tu, bibi. Hizi nyingine ni mizani na paka."

Wakamvamia. Mke wa imamu aliinyakua simu akatafuta mwenyewe, akampa mwenzake, ikazunguka ukumbi mzima. Mbili. Yule mtu alipoona ya kwanza aliizima mara moja, na ile ya pili ilimwahi ikiwa njiani. Nyingine sitini na sita hazikupata pa kwenda. Ya pili ilikuwa sinia la hina.

"Na ya kwanza?" Bi Masika akauliza. "Hiyo aliyoiona?"

Ummy akamwekea karibu na macho. Bi Masika akatazama sana. Halafu akanitazama mimi.

Ilikuwa ile ya kioo cha kabati, ya kujaribia mwanga. Nilikuwa nimesahau kabisa. Ni mimi. Sina mtandio, nywele nimesuka mafundo na asumini yake, Ummy amesema upuuzi gani sijui nami ninacheka, meno yote nje. Mwanamke wa miaka arobaini na tisa amesahau kuwa ana miaka arobaini na tisa.

"Kumbe aliyeonwa ni wewe," Bi Masika akasema.

"Ni mimi, bibi."

"Basi sisi hatumo. Hayo mengine malizaneni wenyewe."

Akaanza kucheka, bila sauti kwanza, mabega tu, kisha ukumbi wote ukalipuka kwa vigelegele. Siwema alinirukia shingoni, akaniomba radhi kwa kitu ambacho hakukitaja. Nililia, nao wakalia, maana wanawake wetu hawawezi kumwacha mtu alie peke yake.

Ummy akashika simu. "Nifute, shangazi?"

Nilichelewa kujibu. Kidogo tu, ila Dafrosa aliniona.

"Futa," nikasema. Akafuta mbele yetu sote.

Jumapili, 16 Februari

Dafrosa amemrudishia Humaidi simu yake. Anasema aliipokea kwa mikono miwili akauliza, "Wamenisamehe?" Akajibiwa wamemsamehe. Akauliza, "Wote?" Dafrosa anasema hakujua amjibu nini, na amenitazama wakati wa kunisimulia, na mimi nilikuwa naosha sufuria.

Jumatano, 19 Februari

Jua, baada ya siku sita. Watu wameanika mpaka magodoro.

Jumamosi, 22 Februari

Shughuli ya mwisho kabla ya Ramadhani, kwa jirani ya Bi Masika. Nilialikwa, lakini kualikwa na kuingia na kamera ni mambo mawili. Usiku kucha nilijiuliza niende na nani. Chumba cha wale ni giza, na Humaidi ameniapia kupitia kwa Dafrosa kwamba Bi Mdogo sasa amefungwa kweli kweli. Asubuhi nikatia betri mpya kwa Bi Mkubwa.

Mlangoni, kando ya Dafrosa na kapu, alikaa Bi Masika kwenye kigoda. Hajawahi kukaa mlangoni. Akanyoosha mkono, nikampa kamera. Akaigeuza juu, akaigeuza chini, akaitikisa karibu na sikio.

"Huyu yupi?"

"Bi Mkubwa."

"Anasema na watu?"

"Hasemi na mtu, bibi. Hata mimi ananijibu kwa kuchelewa."

"Ingia naye."

Nilivuka kizingiti. Yeye akanifuata. Akapita katikati ya watu, akakaa kwenye kiti cha bi harusi, akafungua mtandio, akaulaza mapajani. Nywele nyeupe tupu, zimesukwa mistari miwili.

"Anza na mimi."

"Bi Masika, wewe hupigwi."

"Ulikuwa na njia ya kunificha, hukunificha. Anza na mimi kabla sijabadili nia."

Nikapiga goti. Akanuna, uso wa kitambulisho. Nikabonyeza, na Bi Mkubwa akafikiri, akafikiri kama kawaida yake. Bi Masika alichoka kununa. "Amelala huyo?" akauliza, akaanza kucheka, na hapo ndipo Bi Mkubwa alipopiga.

Nimeisafisha leo hii hii. Ina giza kidogo na chengachenga pembeni. Sijawahi kupiga picha nzuri kuliko hiyo.

Ijumaa, 28 Februari

Ramadhani kesho au keshokutwa, mwezi ndio utakaoamua. Nimekwenda kumrudishia Humaidi Bi Mdogo. Nilimkuta anafungua duka.

"Nabaki na Bi Mkubwa," nikamwambia.

Akaanza kunieleza habari za mwanga, kwamba vyumba vya huku ni giza, kwamba nisiamue kwa sababu ya kosa lake.

"Najua yote hayo. Huyu ananifaa."

Akampokea Bi Mdogo, akamfunga kwenye kile kitambaa, akamweka juu kabisa rafuni, mahali ambapo hawezi kuuzwa. Akapangusa meza isiyo na vumbi.

"Ile picha ilifutwa," nikasema. "Mbele ya watu thelathini na mmoja."

"Alhamdulillahi." Akapangusa tena. "Nimejitahidi kuisahau, Bi Asmahani."

"Vizuri."

"Sijaweza."

Nilingoja maelezo. Hayakuja. Mvua ilianza kudondoka juu ya bati, moja moja, na yule mtu alisimama na kitambaa chake mkononi kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Kaka yangu Mabruki yuko Nzega," nikasema. "Barabara ni lami mpaka karibu na mlango wake. Ukitoka sasa, Ijumaa utaiswali huko huko."

Alitafuta kofia yake, nayo ilikuwa kichwani. Alitoa simu mfukoni, akauliza namba ya Mabruki ili ampigie kwanza, amtangulizie habari.

Nilimwonyesha kibao chake mwenyewe, ambacho hajakitoa mlangoni mpaka leo: NJOO MWENYEWE.